Kiu ya Élisée

Asubuhi ile Charline aliinua bidoni ya njano jikoni akaikuta nyepesi. Jioni iliyotangulia alikuwa ameijaza maji ya ziwa yaliyoletwa na mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akayatia dawa, akakaza kifuniko. Sasa ndani yalibaki maji ya kusuuzia kikombe tu. Binti yake Daniella alikuwa ameketi kizingitini, amevaa yunifomu ambayo wakati wa Pasaka ilimbana mabegani na sasa ilimning'inia kama nguo ya kuazima.

"Ni wewe umekunywa hii mayi yote?" Charline aliuliza.

"Nilisikia kiu."

"Na kitanda?"

Daniella aliangalia vidole vya miguu yake. Godoro lilikuwa limekwisha kuanikwa nyuma ya nyumba, juu ya mawe meusi ya volkano, na sisimizi walikuwa wamekwisha kulifikia. Walipita katikati ya mawe kwa mstari mmoja, bila haraka, kama watu wanaokwenda soko wanalolijua.

Nyumba yao ilikuwa ya mbao, mtaani Katoyi, upande wa mji ambako lava ya zamani haijawahi kusawazishwa. Samy, mume wa Charline, aliendesha lori la Fuso lililoleta maharage kutoka Rutshuru, na alilala nyumbani pale barabara iliporuhusu. Katika chumba cha mbele aliishi baba yake Charline, muzee Kamate, aliyeshuka kutoka milima ya Butembo mwaka ule mkewe alipokufa. Alikuwa na kofia, redio na kiti kimoja mlangoni, na kutoka kwenye kiti hicho aliitawala nyumba.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alimpima Daniella malaria. Kipimo hakikuona kitu, lakini alimpa vidonge vya malaria, kwa sababu mjini hakuna asiye na malaria. Aliporudishwa akapewa dawa ya tifoidi, kisha ya minyoo. Daniella alikula kama fundi mwashi na akazidi kukonda. Kisha ikafika siku ambayo hakuamka vizuri. Alipumua kama mtu anayepanda mlima, na pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Samy alimkalisha kwenye pikipiki, kati yake na motari aliyeiendesha, wakampeleka hospitali huku miguu ya mtoto ikiburuzika.

Daktari aliitwa Théogène. Alikuwa kijana, na viatu vyake vilikuwa na vumbi la lava kama vya watu wengine wote. Alimchoma Daniella kidole, akakamua tone la damu juu ya kijiti, akakiingiza kwenye mashine ndogo inayotoshea kiganjani. Mashine ikaandika herufi mbili: HI.

"Maana yake nini?" Samy aliuliza.

"Maana yake sukari imepita pale mashine inajua kuhesabia."

Walimwekea maji ya mshipa na sindano, na jua liliposogea hadi dirisha la pili Daniella akafungua macho na kuomba ugali. Hapo ndipo daktari aliwaita wazazi kando.

"Mama, mutoto iko na diabète."

Charline alingoja aendelee. Alidhani hilo lilikuwa jina la kitu alichokinywa mtoto.

"Ile ni ugonjwa ya bakubwa," Samy alisema. "Ya mawaziri. Ya mapadri."

"Iko yao, na iko ya batoto. Hii ni ya batoto."

"Lakini hajakunywa hata fanta," alisema Charline. "Alikunywa siku ya komunyo ya kwanza, basi."

Dokta Théogène alieleza kwamba sukari haikuleta ugonjwa huu. Kuna kitu ambacho mwili hutengeneza wenyewe, kinaitwa insulini, na mwili wa Daniella umeacha kukitengeneza. Hakuna aliyemfanyia. Hakuna aliyekosea. Itabidi achomwe sindano asubuhi na jioni.

"Mpaka lini?" Charline aliuliza.

"Siku zote."

"Na kisha?"

Daktari alifikiri. "Kisha siku zote tena," alisema.

Aliwafundisha kuchoma sindano kwa kutumia chungwa. Aliwaambia sukari ikipanda ni hatari, kwa hiyo mtoto asile vitu vitamu. Na sukari ikishuka ni hatari zaidi, kwa hiyo akitetemeka na kutoka jasho apewe kitu kitamu mara moja. Ale kwa wakati. Asipokula, sindano itamuumiza. Asipochomwa, chakula kitamuumiza. Charline aliuliza kama sasa sukari ni adui au ni dawa. Daktari alisema ndiyo. Tangu uwanja wa ndege ulipofungwa, alisema pia, insulini ilikuwa inafika kwa njia za kuzunguka, na hospitali ingewapa ilichokuwa nacho pale ilipokuwa nacho.

Charline alirudi nyumbani na chupa ndogo iliyofungwa ndani ya kitambaa kilicholowa. Alitia chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, akajaza mchanga wenye maji katikati, akaiweka chupa humo ili isipate joto. Kila alipopita alifunika chungu, kisha alikifunua kuhakikisha kwamba amekifunika.

Muzee Kamate alisikiliza maelezo yote bila kuzima redio.

"Nani alimupatia kitu ya kukula?" aliuliza walipomaliza.

"Papa, dokta anasema haiko mutu."

"Kiu. Mukojo. Kukonda wakati anakula. Pumzi ya ndizi." Muzee alihesabu kwa vidole vyake kimoja kimoja. "Ni vile vile mutoto wangu Élisée alikufa. Ni ule ule mukono. Ni Kasoki."

Jina hilo halikuwa limetamkwa katika nyumba ile tangu ijengwe. Kasoki alikuwa dada mdogo wa muzee. Hakujaliwa mtoto, na zamani aliishi nao milimani, akipika na kuwalea Élisée na mdogo wake Charline. Élisée alipoanza kuwa na kiu, Kasoki alimkamulia maji ya ndizi mbivu kila siku, kwa kuwa mtoto aliyapenda. Mtoto alizidi kukonda, akafa kabla ya mavuno. Wazee walikaa, wakauliza ni mkono wa nani ulioshika kikombe. Muzee Kamate alitupa sufuria za dada yake barabarani mwenyewe. Charline alikuwa mdogo; alikumbuka sauti ya zile sufuria kuliko alivyokumbuka uso wa shangazi.

Jioni hiyo hiyo, jua lilipokuwa linaingia nyuma ya milima ya Sake, Élisée alikuja. Aliingia kwa mlango wa uani, akiwa amevaa shati jeupe alilozikwa nalo. Miguuni hakuwa na kitu, kwa sababu viatu vyake alikuwa ameachiwa Charline, aliyevivaa mpaka vikapasuka. Hakuwa ameongezeka kimo. Aliketi juu ya bidoni.

"Umekuja," muzee Kamate alisema.

"Minasikia kiu," alisema Élisée.

Charline alimwambia asimame, akafungua bidoni aliyokuwa ameikalia, akampa kikombe. Alikunywa kikombe baada ya kikombe mpaka bidoni ikaisha. Kisha alikwenda nyuma ya nyumba kujisaidia kwenye mawe, na kesho yake sisimizi wa Daniella walikuwa na barabara mbili.

Alirudi jioni iliyofuata, na zote zilizofuata. Mchana hawakujua alikokuwa, na hakuna aliyeona ni adabu kumuuliza. Mama yao Élisée na Charline, aliyekufa kwa ugonjwa wa moyo, hakuja naye; labda hakupungukiwa na kitu. Jirani wa kushoto, mama Sidonie, alilalamika kuhusu sisimizi. Alipoambiwa kwamba ni kaka yake Charline aliyekufa zamani, alisema hata hivyo kaka huyo ajifunze kutumia choo, na hilo lilikuwa neno la haki. Élisée akaanza kutumia choo.

Daniella hakujua amwiteje. Kwa ukoo alikuwa mjomba wake, lakini alikuwa mfupi kuliko yeye na hakujua kugawanya kwa tarakimu mbili. Mwishowe alimwita mujomba pale wakubwa walipokuwepo na Élisée pale walipokuwa wawili. Walicheza kwa mawe uani. Wakati wa sindano ya jioni Élisée aliacha mchezo akasogea kuangalia.

"Inauma?"

"Kidogo tu."

"Na kisha, kiu inaisha?"

"Inaisha."

Charline aliyekuwa anaosha masufuria aliwasikia, akafuta mikono kwenye kitenge, akakaa chini mbele ya kaka yake.

"Letaka kidole," alisema.

Kidole kilikuwa baridi, na ilibidi akikamue sana. Tone lilitoka, jeusi na zito kidogo, lakini ni damu. Mashine ilihesabu kama kawaida. Kisha ikaandika HI.

Charline alikaa na mashine mkononi mpaka ikajizima yenyewe. Alimwangalia mtoto yule mwenye shingo nyembamba na midomo iliyokauka, akamwangalia Daniella, na kwa muda hakuweza kusema ni nani kati yao aliyemzaa na ni nani aliyezaliwa naye. Alisimama, akaenda chumba cha mbele.

"Papa, Élisée ilikuwa ni diabète."

Muzee Kamate alipunguza sauti ya redio. Alingoja habari za barabara ziishe, kisha akaongeza sauti.

Baada ya hapo mambo yakawa mepesi kwa muda, na wepesi huo ulimchanganya Charline kuliko uzito. Bidoni haikuisha upesi. Élisée alikunywa kikombe kimoja, pengine akabakiza. Mashavu yake yalijaa kidogo. Daniella, kinyume chake, alianza tena kuamka mara nyingi kwenda chooni, na mashine ilitoa kila asubuhi namba kubwa kuliko ya jana. Charline alimpunguzia ugali. Akamwongezea maharage. Akabadilisha mchanga wa chungu akidhani dawa imepata joto. Akaenda kumwomba mama Sidonie asipike vitumbua upande wa ukuta wao, ingawa alijua harufu haina sukari. Siku Samy aliporudi kutoka Rutshuru alimkuta mkewe ameketi mbele ya chungu, akinusa chupa ya insulini.

"Inanuka nini?" aliuliza.

"Sijui. Zamani ilikuwa inanuka nini?"

Jumatatu Daniella alitapika shuleni, na pumzi yake ikawa na ndizi. Hospitalini mashine ikaandika zile herufi mbili. Alipopata nafuu ya kuongea, dokta Théogène alimuuliza kama alikuwa ameruka sindano.

"Sikuruka," Daniella alisema. "Nilikuwa nagawanya na mujomba. Mimi nusu, yeye nusu."

Daktari aliwageukia wazazi. "Mujomba yake naye ni mugonjwa? Mbona hamukumuleta?"

"Alikwisha kufa," alisema Samy. "Zamani, ku Butembo."

Dokta Théogène alivua miwani akaifuta kwa koti. Alisema alimwonea huruma mjomba huyo, na kwamba huenda kweli alikuwa na haki ya dawa, kwa kuwa ugonjwa ni ule ule. Lakini insulini iliyopo haikuwatosha walio hai. Alifungua friji ili waone. Kwenye benchi la korido walikuwa wameketi akina mama wengine na watoto wao wembamba, na wote waliangalia chupa iliyotoka kwenye friji ikiingia mkononi mwa Charline. Mmoja wao, aliyetoka Sake na mtoto mgongoni, alimsalimu. Charline aliificha chupa ndani ya kitenge kabla hajaitikia.

Jioni Élisée alipokuja, Charline alimngoja uani.

"Ile dawa ni ya Daniella," alisema.

"Ilikuwa inanipunguzia kiu."

"Najua."

"Mimi ni mukubwa kwako. Uko unaninyima?"

"Najua, yaya." Hakuwa amemwita mtu yeyote yaya, kaka mkubwa, tangu enzi za vile viatu. "Lakini wewe umekwisha kufa. Yeye bado."

Élisée alilifikiria neno hilo kama mtoto anavyofikiria nyama iliyogawanywa: aliangalia kipande cha mwenzake, akaangalia chake.

"Ni kweli," alisema. Kisha akauliza, "Shangazi iko wapi? Yeye hakuwa ananinyima."

Charline hakujua. Alimuuliza mumewe kama neno la kupita tu, na Samy akakuna kidevu. Alisema yeye anajua. Shangazi Kasoki aliishi Rutshuru miaka mingi. Vita vilipofika huko alikimbilia kambi ya Mugunga. Kambi ilipovunjwa watu wakaambiwa warudi kwao, na yeye, kwa kukosa kwao, alijenga kibanda karibu na pale pale. Aliuza makala, makaa ya kupikia, kando ya barabara ya Sake. Samy alikuwa akisimamisha lori kununua kwake. Yale makala yaliyopika maharage ya muzee Kamate, mengi yalitoka mikononi mwa dada yake.

"Na hukuniambia?"

"Ungeniuliza ju ya nini nanunua kwa mulozi."

Charline alikwenda Mugunga kwa pikipiki. Alimkuta mwanamke mwembamba amekaa nyuma ya mafungu ya makala, mikono myeusi mpaka viwiko, akipanga vipande vikubwa juu ili kila fungu lionekane kubwa. Alimjua Charline hata kabla Charline hajavua kofia ya pikipiki.

"Mutoto yako anakula?" Kasoki aliuliza. Samy alikuwa amemwambia.

"Anakula, shangazi."

"Basi kaa."

Charline alikaa juu ya jiwe, akaeleza. Alieleza vibaya, akianza na mashine, akirudi kwenye chungwa, akisahau kusema kwamba Élisée alikuwa anakuja jioni, mpaka ikabidi asimulie upya. Kasoki aliendelea kupanga makala. Charline alipofika mahali pa damu ya Élisée na herufi mbili, mikono ile ilisimama.

"Mashine ilisema hivyo?"

"Ilisema hivyo. Na dokta anasema haiko mutu anayeleta. Hata maji ya ndizi hayaleti."

Kasoki alifuta pua kwa mgongo wa mkono, ikabaki alama nyeusi.

"Miaka ya kwanza nilijua sikumufanyia kitu," alisema. "Nilijua tu, kama mutu anavyojua jina lake. Lakini kila mahali nilifika, habari ilikuwa imenitangulia. Mutu akikwambia, unakataa. Watu wote wakikwambia, unaanza kujiuliza. Nilifikiri labda nilifanya nikiwa usingizini. Labda mukono unaweza kufanya kitu na kichwa kisijue. Kule Rutshuru nilienda kuungama, Charline. Nilisema, Padri, niliua mutoto ya kaka yangu. Akanipa malipizi. Nikafanya yote."

Lori lilipita, likawafunika wote wawili na vumbi. Walingoja litulie.

"Sasa ile malipizi," Kasoki aliuliza, "itahesabiwa kwa nani?"

Charline alijaribu kufikiria ni nani wa kumuuliza, daktari au padri, na hakupata.

Walifika Katoyi kabla ya jua kuingia. Muzee Kamate alikuwa kwenye kiti chake. Alimwona dada yake akishuka kwenye pikipiki, akamwona akipangusa miguu kwenye gunia la mlangoni, akageuza kiti kuelekea ukutani. Kasoki alimpita na kumsalimu, "Kaka, wasibwire," kwa lugha ya kwao, na ukuta haukujibu.

Élisée aliingia kwa mlango wa uani. Alipomwona shangazi yake hakukimbia. Alikwenda akasimama katikati ya magoti yake, kama alivyosimama zamani akinyolewa, na Kasoki akaweka mikono yake ya makala kwenye lile shati jeupe. Alama zilibaki pale.

"Umebakia mudogo," alisema Kasoki.

"Wewe umezeeka."

"Nilichelewa njiani."

Charline alimchoma kaka yake kidole tena, mbele ya wote, akaipeleka mashine mpaka ukutani alikokuwa ametazama baba yake, akaishika mbele ya macho yake.

"Papa, angalia. Ni sawa na ya Daniella. Daniella hakuwa amekutana na shangazi mpaka leo."

Muzee Kamate alichukua mashine. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali, kama anavyosoma mzee aliyepoteza miwani. Charline aliona midomo yake ikitamka zile herufi. Kwa kitambo kidogo shingo ya mzee ililegea, na wote waliokuwa ndani ya nyumba ile, wazima na mfu, walingoja.

"Kumbe ni sukari," alisema mwishowe.

"Ndiyo, papa."

"Basi ni ile maji ya ndizi. Ilikuwa tamu kama asali, mimi mwenyewe nilionja. Ni nani alimupatia?"

"Dokta anasema sukari haileti—"

"Ule dokta hakukuwa pale. Mimi nilikuwa."

"Na mimi nilikuwa," alisema Élisée. "Papa, haiko shangazi."

Muzee alimrudishia binti yake mashine. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu anayemfunika mtoto shuka.

"Mutoto hajui kitu kilimuua," alisema.

Daniella alisema ilikuwa saa ya sindano yake, na kweli ilikuwa. Alijichoma tumboni, akahesabu taratibu kama alivyofundishwa, akala. Shangazi Kasoki alimwangalia kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Alipoalikwa kula alisema hapana, aksanti, barabara ya Mugunga haipendi giza.

Alipotoka, Élisée alitoka naye. Hakuaga sana. Motari alisema yeye hapakii zaidi ya watu wawili, kisha alimwangalia vizuri abiria wa pili akasema yule anaweza kukaa katikati, hana uzito. Charline alisimama barabarani mpaka lile shati jeupe likamezwa na vumbi. Alihisi amempunguzia mtu mzigo, ila hakujua ni nani, na aliporudi ndani alijaza kikombe cha maji bila kiu na kukinywa chote.

Mugunga, Élisée alikaa na shangazi yake mchana na usiku. Alimsaidia kupanga makala, na shangazi alimtafutia maji. Kila alfajiri Kasoki alionekana akitoka na bidoni mgongoni na kurudi nayo, na kutoka tena. Hakuwa na insulini ya kumpa. Kiu haikupungua, ila kikombe hakikukosa maji. Majirani walihesabu bidoni alizobeba mwanamke mmoja anayeishi peke yake, wakaja kuangalia, wakamkuta mtoto mfu ameketi mlangoni akiosha miguu. Walisema basi ilikuwa kweli. Wasio na uhakika walipata uhakika: mlozi humwua mtoto na kumfanya mtumishi wake, na huyu hapa mtumishi. Wakaacha kununua makala yake. Samy pekee aliendelea kusimamisha lori, na Charline alipomweleza mama mmoja wa pale habari za diabète, mama yule alisikiliza kwa heshima, akauliza kama ugonjwa huo huambukizwa na walozi au hutokea tu.

Daniella alirudi shuleni. Kulikuwa na wiki ambazo chupa ilipatikana na wiki ambazo ilibidi Samy azunguke mji mzima kuitafuta. Mara moja mtoto alitetemeka darasani. Mwalimu, aliyeambiwa kwamba Daniella ana ugonjwa wa sukari, alimnyang'anya pipi iliyokuwa imwokoe, kisha akaelezwa, akairudisha. Kwenye benchi la hospitali yule mama wa Sake hakuonekana tena. Charline alimuuliza dokta Théogène habari zake. Daktari alisema anajitahidi kukumbuka ni yupi, na macho yake yalionyesha kwamba anamkumbuka vizuri.

Mwezi wa kumi ikafika misa ya kumbukumbu ya Élisée. Muzee Kamate aliiomba kila mwaka, milimani na baadaye mjini, na kila mwaka kwa maneno yale yale. Charline alimwomba ayabadilishe. Muzee alisema mtu habadilishi sala aliyokwisha kuizoea Mungu.

Jumapili hiyo kanisa lilijaa. Muzee alikaa mbele, upande wa wanaume, kofia magotini. Kasoki aliingia wakati wa wimbo wa kwanza, amevaa kitenge safi, mikono imesuguliwa mpaka ngozi imekuwa nyekundu, akiongozana na Élisée. Watu wa mstari wa nyuma walisogea kuwapisha, wakaendelea kusogea mpaka wawili wale wakabaki na benchi zima. Charline alimshika Daniella mkono, wakaondoka mahali pao, wakaenda kukaa nao. Samy aliwafuata baada ya muda, akijifanya anatafuta hewa.

Katika maombi ya waamini katekista alisimama kwenye mimbari, akafunua karatasi, akasoma nia za misa kwa sauti yake nzuri. Kwa amani ya mji wetu. Kwa waliokimbia makwao. Kwa marehemu Élisée, mtoto wa muzee Kamate, aliyeuawa kwa sumu na mkono wa ndugu yake.

"Utusikilize, ee Bwana," kanisa zima likaitikia.

Muzee Kamate aliitikia. Kasoki aliitikia, kwa kuwa midomo yake ilikuwa imezoea. Charline alijikuta naye amekwisha kuitikia kabla ya kufikiri, na Élisée, aliyekuwa ameketi kati ya shangazi na dada yake, aliitikia pamoja na wote, kwa sauti nyembamba iliyochelewa kidogo. Kisha alimvuta Kasoki kitenge akamnong'oneza jambo, wakainuka, wakatoka nje kutafuta maji.